Uzi: Kabla hujapanda fensi ya miti ya kijani mwaka mzima, uliza kwanza ukikatwa unarudi au haurudi

Jani_Bichi (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi. Kila baada ya siku chache kuna mtu anauliza humu "nipande mti gani wa fensi, unaokua haraka na usiopukutisha majani", majibu yanakuja yaleyale, panda saiprasi, panda duranta, panda mwashoki, mtu anaondoka na jina moja kichwani, afu baadae anarudi na picha fensi imebaki miguu mitupu huko chini na mbuzi anapita bila hodi. Nimeona nifungue uzi mmoja tuyaweke yote hapa. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kwanza tuelewane, mti wa kijani mwaka mzima majani yake yanakufa vizuri tu, ila hayafi kwa pamoja. Jani likizeeka linadondoka na wakati huo kuna mengine machanga yameshatoka, ndo maana huoni mti ukiwa mtupu. Umri wa jani unatofautiana sana, kuna msonobari wa milimani huko Marekani, Pinus longaeva, sindano zake zinaweza kukaa mtini zaidi ya miaka 30, lakini miti yetu ya fensi majani yake mengi yanaishi mwaka mmoja au michache tu. Kwa hiyo ukipanua matawi ukakuta ndani kumekauka kumekuwa kahawia usikimbilie kununua dawa, mara nyingi huko ndani hakuna mwanga tu na mti umeshaacha kuyalisha majani yasiyoingiza kitu.

Sasa hoja yangu. Watu wote wanauliza kasi. Swali la maana ni hili: siku nikiukata mpaka kwenye tawi la zamani lisilo na jani hata moja, utachipua? Maana fensi ni mti unaokatwa maisha yake yote, na iko siku utachelewa, utasafiri, utaumwa, mashine itaharibika, fensi itavimba na itabidi uirudishe nyuma kwa nguvu. Hiyo siku ndo utajua ulipanda nini.

Miti mingi ya majani mapana ina vichipukizi vimelala chini ya gome kwenye matawi ya zamani. Vinazuiwa na homoni inaitwa auksini, inatoka kwenye ncha inayokua inashuka chini. Ukikata ncha ile homoni inapungua na vilivyolala vinaamka, ndo maana duranta ukiikata kichwa inatoa matawi pembeni kama imechokozwa. Hibiskasi hivyo hivyo, Murraya, ligustramu, holi (Ilex), Prunus laurocerasus (ule wa majani makubwa ya kung'aa), bogenvila, zote hizo unaweza kuzishusha sana zikarudi.

Kundi la pili ni jamaa wa saiprasi, Thuja na wenzao wa majani ya magamba. Hawa wengi wao kwenye tawi la zamani lililoisha kijani hawana cha kuamsha. Ukivuka mstari wa kijani ukaingia kwenye kahawia, pale patabaki kahawia mpaka mnazikana. Yani kosa la dakika mbili la mtu mwenye mashine kali linakaa hapo miaka yote. Simaanishi msipande saiprasi, naipenda sana mimi, ila ni mti wa mtu anayekata kidogo kidogo mara kwa mara kila mwaka bila kuruka.

Kwenye miti ya sindano kuna mmoja maarufu unaokataa hiyo kanuni, Taxus baccata. Huo hata ukiukata ukabaki kisiki chenye mikono unachipua toka kwenye shina. Ndo maana bustani za zamani za Ulaya zenye miti iliyochongwa maumbo zimejaa huo, kule Levens Hall Uingereza walianza kuchonga miti miaka ya 1690 na mpaka leo bado wanakata ileile. Ungekuwa saiprasi ingeshaisha zamani.

Nitaendelea chini, ngoja nipumzike vidole.


Kisiki_Kikavu

Nimekaa paleee nasubiri muendelezo


Fundi_Mkasi

Mkuu umeongea ukweli mtupu. Mi kazi yangu ndo hii ya kukata fensi za watu, mteja akinipigia nauliza swali moja tu kabla sijaenda, ni saiprasi au ni majani mapana? Kama ni saiprasi na imeachwa muda mrefu namwambia kabisa nitapunguza juu na kunyoosha, hiyo mita uliyotaka irudi nyuma upande haitarudi. Wengine wanakasirika wanatafuta mwingine, huyo mwingine anakata, fensi inakuwa ukuta wa fito.


Jani_Bichi

@Fundi_Mkasi hapo umenisaidia, maana watu wanadhani ni uzembe wa fundi kumbe mti wenyewe ndo umegoma.

Naendelea. Kasi. Wapenda kasi wote wausome mti unaoitwa Leyland, ni saiprasi chotara, ilijitokeza Leighton Hall huko Wales mwaka 1888. Wazazi wake wawili wote asili yao ni pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini ila porini hawakutani, walipandwa karibu kwenye bustani moja huko Wales wakachavushana wenyewe. Mtoto akatoka na kasi ya ajabu, akiwa mahali pazuri anaweza kupanda karibu mita nzima kwa mwaka na akiachwa anapita mita 30. Watu wakaona wamepata dawa, wakapanda kila uwanja. Kilichofuata ni majirani kugombana kwa sababu mmoja kapanda fensi na mwingine kapoteza jua, ikafika mpaka bungeni, Uingereza wakaingiza fensi ndefu kwenye sheria yao ya mwaka 2003 ya tabia zinazokera jamii. Pale England ilianza kufanya kazi kwa upande wa fensi mwaka 2005, mstari wa miti miwili au zaidi ya kijani mwaka mzima ukizidi mita 2 na ukamzibia jirani mwanga, jirani anaweza kulalamika halmashauri na ukaamriwa upunguze. Ona sasa, mti umetungiwa sheria.

Na jambo ambalo muuza miche hakwambii ni kwamba mti hauna breki. Unaokua mita kwa mwaka ukiwa mdogo hautasimama ukifika mita 2 uliyotaka, utaendelea na mwendo uleule na wewe ndo breki yake. Ule unaokua sentimita 10 au 15 kwa mwaka kama Buxus, kile kichaka cha vijani vidogo cha mipaka ya bustani, unakuchosha kusubiri ila ukishafika, unaugusa mara moja au mbili kwa mwaka imeisha.


Haraka_Haraka

Mzee nakupinga kidogo hapo. Sio kila mtu ana miaka kumi ya kusubiri. Mtu kahamia, dirisha la jirani linaangalia chumbani kwake, unamwambia apande Buxus inayokua sentimita kumi? Mpaka ifike kifuani watoto wameoa. Mi nasema panda cha haraka, kata kwa nidhamu, basi.


Jani_Bichi

@Haraka_Haraka una hoja na sikatai. Ila kuna kati hapo. Duranta, Murraya, ligustramu, Prunus laurocerasus, pitosporamu, hizi sio za kusubiri uzee, kwenye hali nzuri zinapanda sentimita 30 mpaka 60 kwa mwaka, duranta na laurocerasus zinaweza hata kuzidi hapo, na zote ukizikata vibaya zinakusamehe. Kwa nini uchukue yenye kasi isiyosamehe wakati ipo yenye kasi inayosamehe?

Na kuna ujanja mwingine, unapanda wa haraka mbele kwa muda na wa polepole nyuma yake, wa polepole ukifika unaung'oa wa haraka. Tatizo ukweli ni kwamba siku ya kung'oa ikifika watu hawang'oi, wanaona huruma, miti yote miwili inagombania mwanga na yote inakuwa mibaya. Kama una moyo mgumu fanya.


Mama_Vyungu

Jamani mimi fensi yangu ni saiprasi, juu imejaa vizuri kabisa ila chini kuanzia magotini ni vijiti tu. Nimeweka mbolea nimemwagilia wapi. Nikate juu ili chini ichipue?


Jani_Bichi

Dada yangu pole. Chini hapachipui tena kwa sababu niliyoeleza, na mbolea haiwezi kuumba kichipukizi ambacho hakipo. Kilichotokea ni umbo. Fensi nyingi zinakatwa pana juu nyembamba chini, au wima kabisa kama ukuta, na kwa kuwa mti wenyewe unapenda kujaa juu, mwaka baada ya mwaka juu kunatanuka kunakuwa mwavuli. Chini kunakosa mwanga, majani yanakufa.

Fensi inatakiwa iwe pana chini na nyembamba juu, pande zote mbili zilale kidogo kuelekea ndani. Sio lazima iwe piramidi, mlalo mdogo tu unatosha jua la pembeni lifike mpaka chini. Fundi anayejua anapiga mambo mawili, anafunga kamba juu kwa ajili ya usawa na anaweka fito mbili za mlalo pembeni anazifuata kwa macho. Anayekata kwa macho matupu atakata vizuri mwanzo mwa mstari na mwishoni kutakuwa na tumbo.

Kwako wewe naona una njia mbili. Moja, acha saiprasi yako kama ilivyo na upande mbele yake kichaka kifupi kinachovumilia kivuli kifunike hayo magoti, ila uchimbe mbali kidogo na mashina na umwagilie sana maana mizizi ya saiprasi inakunywa maji yote ya hapo. Mbili, ung'oe uanze upya na kitu kingine. Njia ya tatu haipo na ukiambiwa ipo unauziwa kitu.


Mama_Vyungu

Asante kaka, ukweli mchungu. Nitapanda mbele, kung'oa siwezi.


Kidole_Kijani

Ongezea pia vidukari mkuu, maana saiprasi ikianza kukauka matawi matawi sio kila mara ni kivuli.


Jani_Bichi

Kweli kabisa @Kidole_Kijani. Kuna kidukari cha saiprasi, Cinara, kinafyonza utomvu kwenye vitawi na tawi zima linakauka kuanzia kwa ndani kwenda nje. Kilionekana Malawi mwaka 1986, kikafika Kenya mwaka 1990, kikafanya uharibifu mkubwa kwenye fensi na mashamba ya miti, kwa sababu kimekuja peke yake, adui yake kabaki kwao. Wataalamu wakaleta kinyigu kidogo kinaitwa Pauesia ambacho kinataga ndani ya kidukari na kukiua. Kukitambua, panua matawi uangalie vitawi vya ndani, utaona vimejipanga makundi makundi vya kijivu kahawia, na chini majani yanakuwa na utando unaonata, juu yake inaota masizi meusi. Ukiona masizi meusi kwenye mti wowote wa fensi ujue kuna mdudu anakojoa sukari hapo juu, masizi yenyewe sio ugonjwa wa kuanzia.

Hii inanileta kwenye jambo la kupanda aina moja tu. Ulaya walipanda Buxus kila mahali, kila mpaka wa bustani ni Buxus, kila mpira wa kijani mlangoni ni Buxus. Miaka ya 1990 ukaja ukungu unaodondosha majani yote, wakawa bado wanapambana nao, mwaka 2007 akaonekana Ujerumani nondo kutoka Asia Mashariki, Cydalima perspectalis, viwavi wake wanakula Buxus na hawaachi kitu, wakimaliza majani wanakula na gome la kijani. Mwaka 2018 akaonekana Toronto, Kanada. Kuna bustani kubwa za kihistoria wamebadilisha mstari mzima wakaweka mimea mingine inayofanana kwa mbali, kama Ilex crenata yenye vijani vidogo.


Mstari_Mmoja

Sasa mkuu unashauri tuchanganye? Fensi iliyochanganywa mimi siipendi inaonekana kama kichaka cha porini, uzuri wa fensi ni rangi moja mwanzo mwisho.


Jani_Bichi

Macho yako ni yako, na kweli mstari mmoja wa aina moja una heshima yake. Ila kuna kuchanganya kwa akili. Chagua aina mbili au tatu zenye kasi inayokaribiana, hilo ndo la muhimu kuliko rangi, maana ukiweka duranta na Buxus kwenye mstari mmoja duranta itaimeza Buxus kabla hujastuka. Au gawanya kwa upande, mbele ya nyumba aina moja, ubavuni nyingine, nyuma nyingine. Ugonjwa ukija unapoteza upande mmoja sio boma zima.

Na miche ya vipandikizi mnajua ni nakala ya mama mmoja? Ukikata vipandikizi mia toka kwenye mti mmoja una mti mmoja mara mia. Inapendeza kwa sababu inakua sawasawa, na itakufa sawasawa pia.


Sumu_Taratibu

Mbona hamuongelei sumu, hili ndo la kwanza kwa mwenye watoto na mifugo.


Jani_Bichi

Nilikuwa nakuja huko. Nitasema ninazozijua vizuri.

Taxus niliyoisifu juu, yote ni sumu, jani, gome, mbegu, kasoro ule mnofu mwekundu unaozunguka mbegu tu. Ng'ombe na farasi wanakufa nayo, na balaa lipo kwenye matawi yaliyokatwa, yakinyauka sumu inabaki palepale, mtu anakata fensi anatupa takataka upande wa malisho. Kama una mnyama anayekula majani usiipande karibu, kwa kweli hapo sina mjadala.

Nerium oleander, ile yenye maua ya waridi na meupe, inavumilia ukame na upepo wa chumvi ndo maana inapandwa sana kandokando ya barabara na pwani, nayo kila sehemu ni sumu ya moyo, na usiichome moto maana moshi wake nao sio salama. Duranta vile vitunda vyake vya njano vinavyovutia kama shanga, ndege anakula anaenda zake, mtoto asile. Ukiikata mara kwa mara haifiki kuchanua sana kwa hiyo vitunda vinakuwa vichache, hiyo ni faida nyingine ya kutrimu.

Prunus laurocerasus majani yake yakipondwa yanatoa sianidi, yananukia lozi. Ukitrimu nyingi usizifungie ndani ya gari madirisha yamefungwa. Na watu wanaichanganya na Laurus nobilis, ile ya jani la kupikia, zote majani ya kung'aa kijani kizito, usiweke jani kwenye sufuria kwa sababu tu fundi bustani alisema ni "lorel".

Mnyaa nao, ule wa vijiti vya kijani visivyo na majani, fensi bora sana kwa ukame na mifugo haiugusi, ila yale maziwa yake yakiingia jichoni ni dharura, yanaweza kuharibu jicho kabisa. Anayekata mnyaa avae miwani na nguo ya mikono mirefu, na aangalie upepo unatoka wapi.


Fundi_Mkasi

Kwenye mnyaa nasisitiza, miwani sio mapambo. Na mkasi ukimaliza kukata mti mgonjwa ufute na spiriti kabla hujaenda kwa mteja mwingine, mafundi wengi tunasambaza magonjwa nyumba kwa nyumba bila kujua.


Miba_Mingi

Wanaotaka usalama kweli sio urembo wawaze michongoma. Duranta mwizi anapita katikati kama pazia.


Jani_Bichi

@Miba_Mingi unataka urembo na miba pamoja, kuna Carissa macrocarpa, majani mazito ya kung'aa, maua meupe yananukia, miba imegawanyika kama Y na tunda jekundu likiiva vizuri linaliwa. Kuna kayaba, Dovyalis caffra, miba yake mirefu na ikishafumana hata kuku hapiti, na inachipua vizuri ikikatwa. Bogenvila ukiikata kila mara inakuwa fensi ya miba lakini maua yanapungua kwa sababu unaondoa ncha zinazotaka kuchanua. Kitu kimoja kwa fensi za miba, usipande sehemu utakayohitaji kupita mara kwa mara au karibu na mahali watoto wanacheza mpira.


Njano_Kijani

Mkuu duranta yangu ya dhahabu imeanza kuwa na matawi ya kijani kabisa, majani makubwa, yanakua haraka kuliko yale ya njano. Nimepewa mbegu mbaya?


Jani_Bichi

Hapana, mmea umerudi kwenye asili. Ile rangi ya njano ni upungufu wa klorofili, yani ule ukijani unaotengeneza chakula cha mti, jani la njano linatengeneza chakula kidogo kuliko la kijani. Tawi likibadilika likawa kijani kamili linakuwa na nguvu zaidi linawashinda ndugu zake, ukiliacha misimu michache fensi yote itakuwa kijani. Likate mapema, na usikate juu juu, fuata mpaka linapoanzia uling'oe na shina lake. Inaweza kutokea kwa mmea wowote wenye majani ya rangi mbili au ya njano, holi, pitosporamu, fikasi, zote. Pia duranta ya dhahabu inataka jua, ukiipanda kivulini inafifia inakuwa kijani hafifu bila hata kurudi kwenye asili.


Holi_Bila_Tunda

Umetaja holi. Mimi ninayo, sijawahi kuona zile tunda nyekundu. Shida nini?


Jani_Bichi

Holi ina mti dume na mti jike, matunda yanazaa jike tu na lazima dume awe karibu. Na usidanganywe na majina ya madukani, Golden King ni jike na Silver Queen ni dume, aliyewapa majina nadhani alikuwa anatania. Angalia maua, la jike lina kitufe cha kijani katikati, la dume lina stameni zenye poleni. Halafu kama unaitrimu wakati usio sahihi unakata maua yote, bado hutaona tunda.


Mwashoki_Mrefu

Mi naona mwashoki umesahauliwa na ndo mti mzuri kuliko yote.


Jani_Bichi

Haujasahauliwa, ila kwangu mwashoki sio fensi, ni nguzo. Ule mwembamba wenye matawi yanayoinama, zamani ukiitwa Polyalthia sasa Monoon longifolium, asili yake India na Sri Lanka. Unapendeza ukipandwa mstari kando ya ukuta, hauchukui nafasi, unapunguza kelele na vumbi kidogo. Kosa naloliona ni watu kuukata kichwa ili ujae. Umbo lake lote linatoka kwenye ile ncha moja ya juu, ukiikata unapata ufagio. Kama huna nafasi ya mti mrefu usipande mwashoki kisha uufupishe, panda kitu kifupi toka mwanzo.

Fikasi ni kesi tofauti. Ficus benjamina inatrimika vizuri ajabu, inachipua popote, na kwenye chungu ni nzuri. Kwenye ardhi, karibu na mabomba, shimo la maji taka au msingi wa nyumba, hapana. Mizizi yake inafuata unyevu, bomba lenye ufa mdogo litakuwa limejaa mizizi. Mtu akiniuliza fensi ya fikasi mita moja toka ukutani namwambia aende akapande Murraya.

Na ukipanda Murraya, kama una michungwa au milimau karibu fikiria tena. Ni ndugu zao, na yule mdudu mdogo anayesambaza ugonjwa wa machungwa kuwa kijani anaishi vizuri sana kwenye Murraya.


Mkulima_Mpya

Shukrani sana, nimehifadhi. Sasa nipe vipimo, nafasi mche na mche, shimo, yani nianze vipi.


Jani_Bichi

Nafasi inategemea mmea. Vidogo kama Buxus ya mpaka mfupi sentimita 20 mpaka 30. Duranta, Murraya, ligustramu sentimita 30 mpaka 50. Laurocerasus na saiprasi sentimita 60 mpaka 90. Kama unataka fensi nene panda mistari miwili ya kupishana, mche wa mstari wa nyuma unatazama nafasi ya mbele. Watu wanabananisha ili izibe haraka, inaziba kweli, afu baada ya muda ile iliyo dhaifu katikati inakufa na pengo lake halizibiki kirahisi kwa sababu mche mpya hauwezi kushindana na mizizi ya wazee. Na usipande juu ya mpaka wenyewe, rudi ndani kwako angalau nusu ya unene unaoutaka, la sivyo upande wa pili unakatwa na jirani kwa namna anayotaka yeye.

Chimba mtaro badala ya mashimo kama udongo ni mgumu. Kina kiwe sawa na kimo cha udongo wa mche, usizidishe, upana mara mbili. Mche ukizikwa zaidi ya ulivyokuwa kitaluni gome la shina linaoza. Mizizi ikiwa imejizungusha kwenye mfuko ifungue au ikate pembeni kidogo. Matandazo sentimita 5 mpaka 8 ila yasiguse shina.

Kukata mwanzo ndo pana kazi. Majani mapana, ukishapanda tu punguza theluthi ya juu, inauma moyo ila ndo inakupa matawi toka chini, ambaye hakati mwanzo anapata fensi yenye nywele juu na hewa chini. Saiprasi usiukate ncha ya juu mpaka ufike urefu unaoutaka, trimu pembeni tu kidogo kidogo. Ukikata, pandisha mkato sentimita chache juu ya ule wa mwanzo kila msimu, usirudi palepale mpaka ufike kimo.

Yenye majani makubwa kama laurocerasus ni bora mkasi wa mkono kuliko mashine, mashine inapasua majani katikati na kingo zinakuwa kahawia, fensi inaonekana imeungua wiki nzima.


Upepo_Mkali

Sisi upepo unatupiga kweli, ukuta wa tofali au fensi ya miti?


Jani_Bichi

Miti. Ukuta unaurusha upepo juu halafu unashuka kwa kuzunguka upande wa pili, mimea iliyo nyuma ya ukuta inapigwa vibaya. Fensi inayopitisha kiasi, karibu nusu ya upepo, inaupunguza bila kuurusha, na kinga inafika umbali wa kama mara kumi ya urefu wake, fensi ya mita 2 unapata nafuu mpaka mita 20 hivi. Mvinje unafaa sana hapo, hata kwenye mchanga na chumvi, mizizi yake ina vijidudu vinavyovuta nitrojeni kwa hiyo haulalamiki udongo ukiwa duni. Unafanana na msonobari ila sio ndugu yake. Utrimu ukiwa mdogo na uendelee, ukiuacha ukazeeka halafu ukaukata chini kabisa haurudi vizuri.


Baridi_Kali

Huku kwetu ardhi inaganda miezi kadhaa, holi na laurocerasus zinakuwa kahawia upande mmoja. Ni baridi inaua?


Jani_Bichi

Mara nyingi ni kiu. Mti wa kijani unaendelea kupoteza maji kwenye majani jua likiwaka na upepo ukipiga, ila ardhi imeganda mizizi haiwezi kuvuta. Ndo maana upande unaopigwa na upepo ndo unaungua. Mwagilia sana kabla ardhi haijaganda, weka matandazo, miche michanga iwekee kitambaa cha kukinga upepo. Usikate matawi ya kahawia mapema, subiri joto lirudi uone, mara nyingi kichipukizi kipo hai chini ya jani lililoungua.


Kidole_Kijani

Na ndege? Mi nikitaka kutrimu nakuta viota.


Jani_Bichi

Panua matawi uangalie ndani kabla hujawasha mashine, ukikuta kiota chenye mayai au makinda acha kipande hicho mpaka waruke, nchi nyingine ni kosa kisheria kabisa kuharibu kiota kinachotumika. Mkato mkubwa ufanye nje ya msimu wa kutaga. Na chagua siku ya mawingu, ukikata jua kali majani ya ndani yaliyozoea kivuli yanaungua siku hiyohiyo.


Mkulima_Mpya

La mwisho mkuu, nina ligustramu imerithiwa hapa, imekuwa pana mita mbili na nusu, njia imebaki ya mtu mmoja. Nikate yote?


Jani_Bichi

Ligustramu inasamehe. Kata upande mmoja mpaka karibu na shina mwaka huu, weka samadi, mwagilia. Upande wa pili uache na majani yake ulishe mizizi. Upande uliokata ukishajaa ndo uhamie wa pili, mwaka unaofuata au baada ya hapo. Anza na upande wa njia.